Kilo 4 na nusu: mbele ya kupiga makofi, tupime sukari ya mama

Vijana wenzetu, ndugu na dada wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kisangani, Kindu, Kalemie, Lubumbashi na kwingine kote,

Huku kwetu mama akizaa mtoto wa kilo 4 na nusu, kartie yote inashangilia. Picha inazunguka ku WhatsApp, baba anatembea kifua mbele, mama-mkwe anasema: "Huyu njo mtoto!" Hakuna mtu anauliza swali moja dogo: wakati huyu mama alikuwa na mimba, kuna mtu alimpima sukari ya damu?

Tusielewane vibaya. Si kila mtoto mkubwa anatoka kwa mama mwenye ugonjwa. Kuna familia za watu wakubwa, na watoto wao wanazaliwa wakubwa, mambo iko sawa. Lakini waganga wanajua tangu zamani kama mtoto wa kupita kilo 4 ni moja ya alama za sukari nyingi mu damu ya mama. Na alama hiyo tunaipigia makofi, kisha tunarudi nyumbani. Mama anabaki na ugonjwa wake bila kujua.

Wengine watatuuliza: nyinyi watu wa kudai mayi, barabara na usalama, mambo ya sukari inawahusu nini? Inatuhusu sana. Wenye kubeba mimba mu hii inchi ni watu wa umri wetu: miaka 18, 22, 27. Ni dada zetu, wachumba wetu, wenzetu tuliosoma nao. Na Katiba ya 2006, ku artikle ya 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Haikuandika "haki ya afya kwa mwenye kuwa na makuta". Basi tuongee.

Huu ugonjwa ni nini

Chakula chenye tunakula, bugali, ndizi, viazi, muchele, kinageuka sukari mu damu. Ili sukari itoke mu damu iingie mu mwili ifanye kazi, inahitaji insulini, yenye inatengenezwa na kongosho. Kuna watu mwili wao hautengenezi tena insulini: hiyo ni diabete aina ya 1, mara nyingi inaanza mu utoto ao ujana. Wengine insulini iko, lakini mwili hauisikii vizuri: hiyo ni aina ya 2. Na kuna ya tatu, ile inaonekana mara ya kwanza wakati wa mimba. Kondo la nyuma linatoa homoni zenye zinazuia insulini ya mama kufanya kazi yake. Mwili wa wamama wengi unaongeza insulini na shida inapita. Kwa wengine insulini haitoshi, sukari inapanda.

Sasa sikia vizuri hapa. Sukari ya mama inavuka na kuingia kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto anapokea sukari nyingi, kongosho lake dogo linafanya kazi kupita kiasi, linatoa insulini mingi, na mtoto ananenepa. Siku ya kuzaliwa, bega linaweza kukwama wakati kichwa kimekwisha kutoka. Mama anaweza kupasuka, kutoka damu nyingi, ao kufanyiwa upasuaji. Na wakati kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakatika palepale, lakini insulini ya mtoto bado iko juu. Sukari ya mtoto inaanguka. Mtoto mnene, mzuri wa picha, anaanza kutetemeka, anakataa kunyonya, na kama hakuna mwenye anajua, anaweza kufa.

Hapo hakuna uchawi, hakuna sumu ya jirani, hakuna adhabu ya Mungu. Ni ugonjwa wenye unaeleweka na wenye unatunzwa. Na si wa wazungu ao wa matajiri. Shirika la kimataifa la ugonjwa wa sukari, IDF, mu hesabu yake ya 2021 lilisema karibu mtoto 1 kati ya 6 wanaozaliwa duniani anatoka mu mimba yenye sukari ilipanda. Sehemu kubwa kati yao ni ile ya wakati wa mimba tu.

Mbele ya mimba

Hii ni kwa dada mwenye anajua tayari kama ana ugonjwa wa sukari. Kwanza, usikubali mtu akuambie hautazaa. Wanawake wenye sukari wanazaa watoto wazima dunia nzima. Tunajua wasichana wenye wanaficha sindano zao kwa mchumba, wanajichoma ku choo, juu wanaogopa familia ya mwanaume itakataa. Hiyo haya ndiyo inaua, juu mtu mwenye kujificha hawezi kujipanga. Na kujipanga njo kila kitu hapa.

Kwa nini? Juu moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinajengwa mu wiki 8 za kwanza. Wakati huo wengi bado hawajajua kama wana mimba. Sukari ikiwa juu sana mu hizo wiki, mimba inaweza kutoka, ao mtoto anaweza kuzaliwa na kilema. Kwa hiyo kazi inaanza miezi mbele: kwenda kwa munganga, kushusha sukari polepole, na kutumia njia ya uzazi wa mpango mpaka sukari itulie. Kuna kipimo kimoja kinaitwa HbA1c, kinaonyesha sukari ya karibu miezi 3 iliyopita. Waganga wanapenda kiwe chini ya 6,5 kwa mia mbele ya mimba, kama inawezekana bila sukari kuanguka kila mara. Kikiwa juu ya 10, wanashauri kungoja kwanza.

Mambo mengine ya kuuliza: asidi foliki, yenye mwanamke wa sukari anaweza kuandikiwa kwa kipimo kikubwa kuliko wengine, kuanzia mbele ya mimba mpaka wiki ya 12. Macho na figo vipimwe, juu mimba inaweza kuzidisha shida yenye ilikuwa imejificha. Na dawa zote unazokunywa, umwonyeshe munganga. Kuna dawa za presha kama captopril na enalapril zenye hazifai kwa mimba, inafaa kuzibadilisha. Kuzibadilisha, tumesema, si kuziacha wewe mwenyewe siku moja juu ulisoma kitu ku telefone.

Wakati wa mimba

Huu ugonjwa wa wakati wa mimba mara nyingi hauumi. Kiu, kukojoa mara nyingi, kuchoka: mama gani mwenye mimba hana hiyo? Kwa hiyo kungoja alama ni kujidanganya. Njia ni moja: kupima. Mwenye uzito mkubwa, mwenye baba ao mama yake ana sukari, mwenye alikwisha kuzaa mtoto mkubwa ao mtoto alimfia mu tumbo, apimwe tangu CPN ya kwanza. Na wengine wote wapimwe kati ya wiki ya 24 na 28, wakati homoni za kondo zinapanda sana.

Mnamo 2013 shirika la OMS liliweka namba zenye kila mtu anaweza kushika kichwani. Mama mwenye mimba, asubuhi bila kula, sukari ikifika 92 mg/dl mpaka 125, hiyo ni diabete ya mimba. Ikifika 126 na kupita, ni diabete kamili. Kuna pia kipimo cha kunywa gramu 75 za glukozi na kupimwa tena kisha saa 1 na saa 2. Na tuseme wazi: kupima sukari mu mkojo hakutoshi. Mkojo unaweza kuonyesha sukari kwa mtu mzima, na kutoonyesha kwa mgonjwa.

Ukikutwa nayo, usilie kama mtu mwenye amehukumiwa. Wamama wengi wanarudisha sukari chini kwa chakula na kutembea tu. Na chakula hicho si cha supermarche. Ni sombe, lengalenga, maharagi, sambaza, ndagala, mayai. Bugali haikatazwi, inapunguzwa: donge dogo, mboga mingi, na kugawanya chakula mara kadhaa kwa siku kuliko kujaza sahani moja usiku. Chenye kinakatazwa ni soda, juisi ya chupa na chai ya sukari vijiko vinne. Kisha kula, tembea dakika 20 ao 30. Mwenye kukuambia "mama wa mimba anakula kwa watu wawili, ongeza tu" anakupenda, lakini anakosea.

Lengo lenye waganga wanafuata ni chini ya 95 asubuhi bila kula, na chini ya 120 saa 2 kisha kula. Chakula kikishindwa, kuna dawa. Insulini ndiyo ya kwanza, juu haivuki kumfikia mtoto. Metformini pia inatumika. Watu wanaogopa insulini, wanasema "ukiianza umekwisha". Si kweli. Mwenye sukari ya mimba mara nyingi anaiacha siku ya kuzaa. Na mwenye kujichoma ajue pia upande wa pili: ukisikia jasho baridi, kutetemeka, njaa kali, kichwa kinazunguka, sukari imeanguka. Kunywa mayi yenye vijiko vitatu vya sukari palepale, pima tena kisha dakika 15.

Na zalia mahali penye munganga, penye upasuaji unawezekana, na penye watapima sukari ya mtoto. Mtoto anyonye mu nusu saa ya kwanza. Hiyo maziwa ya kwanza ni dawa yake.

Kisha kuzaa

Hapa njo wengi tunawapoteza. Kondo linatoka, sukari inashuka, kila mtu anasema "imekwisha". Mwenye alikuwa na diabete mbele ya mimba anahitaji insulini kidogo sana kuanzia siku hiyo, na asipoambiwa, kipimo chake cha jana kinaweza kumwangusha leo. Mwenye ilikuja na mimba tu anarudi nyumbani, na hakuna mtu anamwita tena.

Lakini mwanamke mwenye alipata sukari ya mimba ana hatari mara 7 mpaka 10 kuliko mwenzake ya kupata diabete aina ya 2 mu miaka yenye inafuata. Kwa hiyo apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kisha kila mwaka ao angalau kila miaka 3. Anyonyeshe, juu kunyonyesha kunasaidia mwili wake pia. Na mbele ya mimba yenye inafuata, apimwe kwanza.

Sasa angalia. Kalenda ya chanjo huku kwetu inamwita mtoto ku wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama anakuja mwenyewe, anapanga mustari, anangoja asubuhi nzima. Mtoto anachomwa sindano, mama anaambiwa kwaheri. Siku ileile, ku benchi ileile, kidole cha mama kinaweza kutobolewa. Haihitaji kujenga nyumba mpya wala kuita wataalamu kutoka nje. Inahitaji mtu mwenye uamuzi.

Wapi inakwama

Mimi mwenye kuandika hii nina diplome ya chuo kikuu, kazi hakuna. Mwenye hana kazi njo anatumwa kila mahali, basi mimi nilimsindikiza dada yangu ku CPN mara nyingi, nikimshika ku moto mu hizi barabara zetu. Walimpima kilo, presha, malaria, VIH. Vizuri. Kwa sukari, kamashini kalikuwa ndani ya droo, lakini bandeleti hakuna. Tukaambiwa twende kupima inje, ku farmasi. Bei ya kipimo kimoja ilikuwa bei ya chakula yetu ya siku. Tulilipa. Mama wa pembeni yetu aliangalia ile karatasi, akaikunja, akaiweka mu kitenge, akarudi nyumbani. Hatusemi jina la kituo, juu si kituo kimoja. Ni namna mambo inafanyika.

Inakwama pia ku baridi. Chupa ya insulini yenye haijafunguliwa inaomba kati ya digri 2 na 8. Na sisi wote tunajua delestaje: kuranti inakuja saa nne za usiku, inakwenda saa kumi na moja. Nyumbani mtu anaweza kujisaidia kwa chungu ndani ya chungu, na mchanga wa mayi katikati. Inapunguza joto kweli, na insulini yenye imefunguliwa inaweza kukaa karibu wiki 4 mahali pasipo na joto kali. Lakini chungu ni akili ya raia, haiwezi kuwa politike ya inchi. Mambo ya kushangaza: vituo vingi vina frigo ya mwanga wa jua kwa chanjo, na chanjo nazo zinaomba digri 2 mpaka 8. Basi baridi tunaijua. Kama tulifanya kwa mtoto, kwa mama tunashindwa na nini?

Na inakwama ku vita. Mwezi wa kwanza 2025, wakati vita iliingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na mabanki zikafunga milango. Mtu wa insulini hawezi kungoja mazungumzo yaishe. Kwake, siku chache bila dawa ni kifo.

Insulini iligunduliwa Toronto mu mwaka 1921. Mu 1923 wagunduzi wake waliuza haki yao kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dolari moja moja, juu walitaka dawa ifikie kila mtu. Imekuwa ku orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu orodha ya kwanza kabisa, ya 1977. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mama wa huku bado anauza pagne yake juu ya chupa moja.

Tunadai nini

1. Sukari ya damu ipimwe kwa kila mama ku CPN ya kwanza, na tena kati ya wiki ya 24 na 28, bila kulipisha kando. Kamashini bila bandeleti si kipimo.

2. Mpango wa kuzaa bure, wenye serikali ilizindua mu 2023 kuanzia Kinshasa na kisha ku mikoa mingine, uandike wazi kipimo cha sukari, insulini na matunzo ya mtoto wa mama mwenye sukari. Orodha ya vitu vya bure ibandikwe ku mlango wa kila maternite, mu Kiswahili, mahali mama anaweza kuisoma.

3. Mama asifungiwe tena mu maternite juu ya deni. Mwenye kufanyiwa upasuaji juu mtoto alikuwa mkubwa hakufanya kosa.

4. Insulini ipatikane mu kila hospitali kubwa ya zone de sante, na frigo yake ya mwanga wa jua.

5. Siku ya chanjo ya wiki ya 6, mama mwenye alikuwa na sukari apimwe naye.

6. Mu mwaka 2001 kule Abuja, wakuu wa Afrika, pamoja na wa kwetu, waliahidi 15 kwa mia ya bajeti kwa afya. Inchi yetu haijafika hapo. Manaibu watuambie kila mwaka tumefika ngapi na mengine yamekwenda wapi.

7. Kwa wote wenye kushika silaha, wa kila upande: njia ya dawa isifungwe. Insulini haina chama.

Na sisi, tufanye nini kuanzia wiki hii

Kila mmoja wetu ana dada, bibi, ao jirani mwenye mimba. Muulize: ulipimwa sukari? Kama hapana, msindikize. Ukifika ku kituo, uliza kwa heshima, mbele ya watu: kipimo cha sukari kiko? Ni bei gani? Bandeleti ziliisha tangu lini? Munganga si adui yetu. Mara nyingi naye hajalipwa, na yeye pia anataka hizo bandeleti. Andika majibu, tarehe na jina la zone de sante. Tuyakusanye kartie kwa kartie, kisha tuyapeleke ku biro ya munganga mkuu wa zone, na tuombe jibu la maandishi.

Wanaume, hii si mambo ya wanawake peke yao. Mwenye anashika makuta ya nyumba ndiye mara nyingi anaamua kama kipimo kinalipwa ao hapana. Acha soda mbili za wiki, lipa kipimo. Na bibi yako akiambiwa apunguze bugali, pikeni chakula kimoja kwa wote, asikae pembeni na sahani yake kama mtu wa kosa.

Ugonjwa wa sukari una siku yake duniani, tarehe 14 mwezi wa 11. Kila mwaka siku hiyo kuna hotuba, t-shati na picha. Mbele ya hotuba yenye inafuata, tunataka tuwe na orodha yetu mkononi: vituo vyenye vinapima, na vyenye havipimi. Tutaisoma kwa sauti, kituo kwa kituo.

Afya ya mama ni haki, si zawadi. Tuko pamoja.